Nembo Ni Yenu, Faili Ni la Nani?

Msimu wa mahafali ukifika, zitazame fulana zinazopita barabarani. Nyingi ni nyeusi, au za kijani, au za bluu iliyokoza, na kifuani zina nembo ya shule. Nembo yenyewe ni ngao au duara, lakini haikuja peke yake. Imekuja na kisanduku cheupe kilichoizunguka pande zote nne. Kisanduku hicho hakimo kwenye mchoro wa shule, hakikuombwa na mtu, wala hakikupitishwa na kikao chochote. Utakikuta pia kwenye mabango ya fleksi ya vikundi vya kuweka na kukopa, kwenye stika za daladala, kwenye jezi za ligi za mitaani na kwenye vyeti vya semina.

Baya zaidi ni lile bango ambalo nyuma ya nembo yake pamechapwa vimiraba vya kijivu na vyeupe kama ubao wa drafti. Vimiraba hivyo ndivyo programu za kompyuta zinavyotumia kumwonyesha mchoraji kwamba mahali hapo hapana kitu. Mtu ameokota mtandaoni picha ambayo vimiraba vimechorwa ndani yake, akaamini ni nyuma tupu, akaipeleka kuchapwa. Mashine haina utani: ikauchapa huo utupu.

Desturi yetu ni kumlaumu fundi. Kariakoo, River Road ya Nairobi au Nasser Road ya Kampala, kazi ikiharibika lawama huishia kwa aliyekuwa amesimama karibu na mashine. Mimi nadhani tunamwonea. Kazi nyingi zinazotoka mbaya zilikuwa zimeharibika kabla wino haujagusa kitu. Na chanzo chake si uhaba wa mashine nzuri, wala hata uhaba wa ujuzi peke yake. Chanzo ni umiliki. Shule, misikiti, makanisa, timu, vyama vya ushirika na hata ofisi za umma hazina nembo zao mkononi. Zina picha za nembo zao, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Picha ya simu, au ile iliyonakiliwa kutoka kwenye ukurasa wa Facebook, ni mkusanyiko wa nukta za rangi zinazoitwa pikseli. Idadi yake imekwisha kuwekwa na haiongezeki. Chukua nembo yenye upana wa pikseli 600, ambayo kwenye simu inapendeza kabisa. Uchapaji mzuri wa karatasi huhitaji pikseli zipatazo 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha hiyo inatosha kuchapwa kwa upana wa inchi mbili tu, sentimita tano hivi. Ivute ijaze bango la mita tatu, na kila pikseli itakuwa na upana wa milimita tano. Bango la juu ya barabara linaweza kuvumilia pikseli chache, maana hutazamwa kwa mbali. Lakini hilo la jukwaani, ambalo wageni rasmi watapigwa picha mbele yake, litaonyesha ngazi kwenye kila ukingo wa duara.

Mchoro wa vekta hauna pikseli. Ndani ya faili lake mna maagizo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza rangi hii. Hesabu ya mipindo hiyo ilitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau wa Citroën aliifanyia kazi mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault akaieneza katika miaka ya 1960, ili bodi la gari lichorwe kwa namba badala ya kukisiwa kwa jicho. Ndiyo maana mipindo hiyo hadi leo inaitwa kwa jina la Bézier. Kwa kuwa ni maagizo, mchoro huohuo unachapwa kwenye kalamu na kwenye ukuta wa ghorofa bila kupoteza ukali wa kingo zake, kwani mashine huzikokotoa upya kila mara kwa ukubwa ulioombwa.

Kwa kawaida faili la vekta halina mandharinyuma. Pasipo agizo la kuchora, hapachorwi kitu. Ule weupe unaouona kwenye kioo ni wa ukurasa, si wa mchoro. Kisanduku cheupe huzaliwa pale mtu anapoigeuza vekta kuwa picha ya JPEG. Mfumo huo, uliowekwa mwaka 1992 kwa ajili ya fotografia, hauwezi kabisa kuhifadhi sehemu iliyo wazi. Kila nukta lazima ipewe rangi, na palipokuwa patupu hujazwa weupe. PNG, iliyokamilika mwaka 1996, inaweza kuhifadhi uwazi, na hapo ndipo ilipotoka ile kauli ya kila duka la kuchapa: “Nitumie PNG.” Ni afadhali, lakini PNG nayo ni pikseli tu, na hesabu ya bango la mita tatu inaihusu vilevile. Halafu mteja anaituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. WhatsApp huikandamiza na kuigeuza kuwa JPEG, uwazi ukafa njiani, naye mteja anaapa kwamba alituma PNG. Alituma kweli. Angeituma kama dokumenti ingefika salama.

Wapo wanaodhani dawa ni zile programu za kufuta mandharinyuma kwa kubofya mara moja. Zinasaidia kwa picha ya mtu au ya kiatu. Kwa nembo zina matatizo yake. Itazame nembo ya taifa la Tanzania, ile tunayoiita Bibi na Bwana. Wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, kila mmoja ameshika pembe ya ndovu, miguuni pao pana karafuu na pamba, na chini kuna utepe wenye maneno Uhuru na Umoja. Ipitishe nakala hafifu ya mchoro wa namna hiyo kwenye programu ya kufuta nyuma. Weupe wa pembeni utaondoka, lakini matundu ya herufi a na o yatabaki meupe, kwa sababu programu haikujua kwamba nayo ni sehemu ya nyuma. Karafuu na pamba zitageuka madoa. Ukiendelea kwa kuiagiza programu ikugeuzie picha hiyo kuwa vekta, utapata vekta kweli, ila ni vekta ya ukungu: mamia ya vipande vidogo vinavyofuata kila kosa la nakala. Cha kuazima hakistiri maungo, na nembo iliyookotwa haiwezi kuisitiri taasisi.

Kuna swali ambalo karatasi nyeupe imetuzoesha kutoliuliza. Weupe uliomo ndani ya nembo ni rangi, au ni pahali palipoachwa? Jicho la simba, kurasa za kitabu kilichofunguliwa, mwanga wa mwenge: hivi vimepakwa nyeupe, au ni matundu yanayoonyesha kilicho nyuma? Kwenye barua ya ofisi majibu yote mawili yanaonekana sawa. Kwenye fulana nyeusi ndipo ukweli unapojitokeza. Kama ni matundu, simba anakuwa na macho meusi na kitabu kinakuwa na kurasa nyeusi. Kama ni rangi, lazima pawe na umbo jeupe ndani ya faili, lenye mipaka yake.

Wachapaji wa kanga wanalifahamu jambo hili vizuri kuliko maofisa uhusiano wengi. Kisutu, kanga ya harusi, ina nyekundu, nyeusi na nyeupe. Jicho linahesabu rangi tatu, lakini nyeupe ni kitambaa chenyewe, kimeachwa kwa makusudi pasipopita wino. Mchoraji wa kanga hupanga pindo, mji na jina huku akijua tangu mwanzo nini kitachapwa na nini kitaachwa, kwa sababu katika uchapaji wa skrini kila rangi hudai skrini yake na gharama yake. Kuacha nako kumo ndani ya kubuni. Mchoro wenye nyuma wazi ni nidhamu hiyohiyo iliyohamia kwenye kompyuta: mchoraji anatamka wazi, kwa kila sehemu, kama ni ya wino au ni ya kitu kitakachochapwa.

Na vitu vinavyochapwa havifanani. Mashine kubwa za ofseti hutumia wino wa aina nne, yaani saiani, majenta, njano na nyeusi. Nyeupe haimo, maana nyeupe ya kitabu ni karatasi. Fulana ya rangi iliyokoza ni kinyume chake. Pasipo wino mweupe chini, njano ya nembo itamezwa na kitambaa. Katika uchapaji wa filamu unaohamishiwa kwenye nguo kwa joto, ambao sasa umeenea kwa jina la DTF, mashine huchapa rangi kwenye filamu kisha huweka wino mweupe juu yake, na filamu inapobandikwa kwenye nguo ule weupe unakuwa chini. Programu inayoiendesha mashine hiyo huamua wapi pa kuweka weupe kwa kusoma uwazi wa faili: penye mchoro weka, penye utupu usiweke. Ipe faili lenye kisanduku, nayo itaheshimu kisanduku. Plota inayokata stika za vinaili ni kali zaidi, kwani haisomi pikseli hata kidogo. Kisu chake hufuata mistari ya vekta, na kama hakuna mistari, hakuna cha kukata.

Ugumu unaanza pale uwazi usipokuwa kamili. Madizaina wetu wanapenda kivuli laini chini ya maandishi na mng’ao kuzunguka ngao. Kwenye kioo vinavutia. Kwenye filamu ya DTF, kivuli hicho ni nukta nyingi zilizo nusu wazi, na kila nukta inadai weupe na gundi chini yake. Matokeo yake kivuli hutoka kama vumbi jeupe kwenye fulana nyeusi, na baada ya kufuliwa mara chache kingo zinaanza kubanduka. Kwenye skrini ya wino mmoja hakuna nusu wazi kabisa. Wino hupita au haupiti, na anayetaka kufifisha lazima avunje rangi kuwa nukta. Kwa hiyo nembo inayotegemea kivuli ili isomeke haijakamilika. Ikishindwa kusimama kwa rangi moja tu, tatizo liko kwenye ubunifu.

Hata kwenye karatasi, historia ya uwazi imekuwa na misukosuko. Lugha ya PostScript, ambayo kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1984 na ambayo ilibadilisha uchapaji wa dunia, haikujua uwazi. Kila kitu kilichowekwa juu kilifunika kilicho chini. PDF ilizaliwa mwaka 1993 ikirithi tabia hiyo, na ni toleo la 1.4 la mwaka 2001 ndilo lililoruhusu vitu kuonekana kupitia vingine. Mwaka huohuo kilitoka kiwango cha PDF/X-1a kwa ajili ya wachapaji, nacho kilipiga marufuku uwazi: kila palipo na kivuli sharti pabapazwe kwanza, yaani tabaka zote zigeuzwe kuwa moja. Mwaka 2008 kikaja PDF/X-4, kinachouacha uwazi ubaki hai hadi kwenye mashine.

Historia hiyo inakugusa mfukoni. Kivuli kilichowekwa juu ya rangi maalumu ya kampuni, faili likabapazwa vibaya, huweza kutoa kisanduku chake chenyewe, chenye rangi tofauti kidogo na eneo linalokizunguka. Kwenye kioo huoni kitu, na kwenye vitabu 5,000 vilivyokwisha kuchapwa unakiona chote. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kiwanda chochote cha uchapaji liwe hili: mnapokea PDF ya kiwango gani? Fundi anayeijua kazi yake atajibu kwa neno moja. Asiyejua atasema lete tu.

Mtego mwingine ni mpangilio wa kuchapa rangi juu ya rangi. Kwa herufi nyeusi ni jambo jema, kwani huzuia mstari mweupe usijitokeze pembeni karatasi ikisogea kidogo. Lakini ukiuwasha kwa bahati mbaya kwenye herufi nyeupe, mashine inaelewa hivi: chapa nyeupe juu ya bluu bila kuiondoa bluu. Kwa kuwa wino mweupe haupo, kinachobaki ni bluu, na jina la taasisi linapotea. Programu nyingi za kusomea PDF hazionyeshi kosa hili mpaka uziagize zionyeshe mpangilio huo.

Rangi nazo zina mipaka. Kioo hutoa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, wakati wino hunyonya mwanga. Ile kijani inayowaka kwenye simu haiwezi kupatikana kwa wino wa aina nne, na hakuna fundi wa kuibembeleza. Badilisha rangi wewe mwenyewe mapema uone itakavyofifia, usiiachie mashine ikuamulie. Herufi nazo zigeuzwe kuwa michoro kabla ya kutumwa, la sivyo kompyuta ya kiwandani isiyo na fonti yako itaweka yoyote iliyonayo. Ongeza milimita tatu za rangi nje ya mstari wa kukatia. Kisha fanya jaribio lisilo na gharama: iweke nembo juu ya mstatili mweusi, halafu mwekundu, halafu wa njano. Kisanduku, matundu yaliyosahaulika, macho ya simba, vyote vitajitokeza hapo, kabla hujalipa hata senti.

Nasikia jibu la wenye vikundi: hayo ni mambo ya matajiri, sisi hatuna fedha za kununua leseni za Illustrator wala CorelDRAW. Hoja hiyo haina nguvu tena. Inkscape hutolewa bure tangu mwaka 2003 na huchora vekta halisi. Udhaifu wake wa siku nyingi ni upande wa rangi za wino, kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya kioo, lakini hatua hiyo ya mwisho inaweza kumaliziwa kwenye Scribus, nayo ni ya bure. Gharama kubwa iko kwingine: ni kumlipa mtu anayejua aichore nembo upya, mstari kwa mstari, mara moja na kwa usahihi. Kikundi kinachochapa fulana kila mwaka kimekwisha kulipa gharama hiyo mara nyingi bila kujua, kwa sababu kila mwaka kuna kijana dukani anayetumia muda wake na kutoza bei ya “kusafisha nembo”, na kila mwaka nembo inatoka na sura mpya.

Jibu la madizaina ni zito zaidi na ninaliheshimu. Wanasema: nikimpa mteja faili la asili, ataenda nalo kwa mwingine, nami nitakula nini? Ni kweli, wateja wetu wana tabia ya kulipia bei ya bango na kudai mali ya mchoro. Suluhisho si kuficha faili. Ni kuliuza waziwazi. Hati ya bei iwe na mistari miwili, mmoja wa kubuni na kuchapa kazi hii, mwingine wa kukabidhi mafaili ya asili na haki ya kuyatumia, na mteja achague kwa maandishi. Dizaina anayemshikilia mteja kwa faili lililofichwa hujikuta siku moja fleshi imepotea au kompyuta imekufa, na hapo nembo ya watu imekufa nayo.

Wachapaji nao wasijifiche nyuma ya wateja. Duka linalopokea JPEG ya WhatsApp kwa kazi ya fulana 300 bila kusema neno linashiriki kosa. Angalau litoe sampuli ya fulana moja, juu ya kitambaa chenyewe, isainiwe kabla ya nyingine kufuata. Sampuli inayotazamwa kwenye simu haitoshi, kwa sababu kosa tunalolitafuta ni lile ambalo simu haiwezi kulionyesha.

Hata hivyo, mzigo mkubwa naurudisha kwa wenye nembo. Kila taasisi iwe na folda moja, yenye nakala sehemu mbili tofauti, ndani yake mafaili manne: vekta ya rangi kamili, vekta ya nyeusi tupu, vekta ya nyeupe tupu kwa ajili ya vitambaa na kuta za giza, na PNG kubwa yenye nyuma wazi kwa matumizi ya kioo. Iwepo na karatasi moja inayotaja kila rangi kwa vipimo vya wino na vya mwanga, na inayosema wazi weupe upi ni rangi na upi ni tundu. Ofisi za umma, ambazo nembo zake huchapwa na wazabuni wapya kila mwaka wa fedha, zimkabidhi mzabuni folda hiyo siku ya kusaini mkataba, badala ya kumwacha akaokote mtandaoni.

Katika vikao vyetu, mweka hazina husimama akatoa hesabu na risiti zake hukaguliwa. Mkutano mkuu ujao uongeze ajenda moja. Katibu naye asimame aulizwe faili la asili la nembo liko wapi, liko kwa nani, na mara ya mwisho lilifunguliwa lini. Akijibu kwamba lipo kwenye simu ya yule kijana aliyetengeneza bango la mwaka juzi, wajumbe waandike kwenye muhtasari kwamba chama hakina nembo, kisha wapitishe fedha za kuipata kabla ya kupitisha fedha za fulana.